Viazi, kansa na sauti ya WhatsApp: watafiti wanajuaje kinacholeta ugonjwa?

Mwezi uliopita nilisimama Uyole, pale magunia ya viazi yanapopangwa kusubiri malori ya Dar es Salaam. Mama aliyekuwa ananipimia sado yangu aliacha kupima, akatoa simu na kunisikilizisha sauti iliyotumwa kwenye kundi lao la kikoba. Mwanaume mwenye sauti nzito alikuwa anaeleza kwamba viazi vya siku hizi, kwa jinsi vinavyopuliziwa dawa, ndivyo vilivyojaza kansa Nyanda za Juu Kusini. Kabla dakika tatu hazijaisha alikuwa ameshataja pia mbolea ya dukani, minara ya simu, sembe, mafuta ya kupikia na chanjo ya wasichana.

"Sasa mwanangu," mama akaniuliza, "tule nini?"

Sikumjibu vizuri siku ile, na swali lile limenikaa. Nina sababu yangu pia. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na kwenye msiba wake nilihesabu maelezo manne tofauti ya kifo kile. Mmoja alisema ni sindano za uzazi wa mpango. Mwingine alisema ni mkono wa mtu. Wa tatu alilaumu kazi nzito, wa nne akasema ni ugonjwa wa ukoo. Hakuna hata mmoja aliyetaja kirusi, ingawa chanzo cha ugonjwa ule kinajulikana kwa uhakika kuliko karibu saratani zote.

Tuanze na maneno yenyewe. Saratani ndiyo kansa, ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zinazozaliwa, kufanya kazi na kufa kwa utaratibu. Saratani inaanza pale seli fulani zinapoacha kutii utaratibu huo, zikazaliana bila kukoma na kuvamia sehemu zisizo zao. Ya ini, ya matiti, ya koo na ya damu ni magonjwa tofauti yenye vyanzo tofauti, kwa hiyo mtu akikuambia "kitu hiki kinaleta kansa", swali la kwanza ni kansa ipi. Magonjwa sugu ni yale unayoishi nayo miaka, kama presha, kisukari na pumu.

Epidemiolojia ni elimu ya kuhesabu ugonjwa kwenye jamii na kulinganisha: wanaugua akina nani, wapi, tangu lini, na wanatofautiana vipi na wasiougua. Daktari wa wodini anamtazama mgonjwa aliye kitandani. Mtaalamu wa epidemiolojia ana mgonjwa anayeitwa wilaya, au mkoa, au nchi. Ndiyo maana hawezi kujibu swali tunalolia nalo msibani, "kwa nini yeye?" Anachoweza kujibu ni kwa nini wanawake wa huku wanaugua zaidi kuliko wa kule, au kwa nini wavutaji elfu moja watazikwa mapema kuliko elfu moja wasiovuta. Maswali haya mawili yanafanana kwa masikio, na kuyachanganya ndiko kunakozaa nusu ya sauti zile za WhatsApp.

Aliyewahi kupanda basi la Mbeya kwenda Dar anaijua Kitonga. Basi likiteremka zile kona likiwa na breki mbovu, si lazima lianguke. Dereva anaweza kuwa mzoefu, barabara kavu, mzigo mwepesi, likafika Ruaha Mbuyuni salama. Basi jingine lenye breki nzima linaweza kuanguka kwa sababu ya mvua na lori lililoziba njia. Je, tuseme breki mbovu hazina madhara? Teremsha mabasi elfu moja yenye breki mbovu na elfu moja yenye breki nzima, kisha hesabu yaliyo korongoni. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza, na hauonekani kwa kutazama basi moja. Breki mbovu ndicho wataalamu wa afya wanachokiita kihatarishi, yaani jambo linaloongeza uwezekano wa kuugua bila kukuhakikishia kwamba utaugua.

Kila kijiji kina babu aliyevuta sigara tangu ujana akafa na miaka tisini. Ni basi lililofika. Yale yaliyoanguka hayasimuliwi kijiweni, maana abiria wake hawapo.

Neno jingine linalotupoteza ni "imeongezeka". Mkulima wa viazi akikuambia mwaka huu kavuna magunia 200 na mwaka juzi 100, utamuuliza amelima ekari ngapi. Wagonjwa nao lazima wahesabiwe kwa ekari. Sensa ya 1967 iliikuta Tanzania Bara na Visiwani ikiwa na watu wapatao milioni 12.3, na ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Hata kama ugonjwa haujabadilika hata chembe, wagonjwa watakuwa mara tano. Saratani nyingi pia ni za ukubwani, kwa hiyo jamii ambayo watoto wake hawafi tena kwa surua na kuharisha ina watu wengi zaidi wa kufikia umri wa kuugua saratani. Tena zamani mtu wa Ileje au Makete alikufa na uvimbe tumboni bila kupimwa na mtu yeyote, na leo anafikishwa hospitali ya rufaa na ugonjwa unapewa jina. Mtafiti makini anayaondoa hayo yote kwanza, ndipo anaposema kilichobaki ni ongezeko la kweli. Lipo, kwa baadhi ya magonjwa. Presha na kisukari ni mfano. Ila ni dogo kuliko macho yanavyotuambia.

Kuna mtego mgumu zaidi. Tuseme umepita kijijini, ukakuta kwamba nyumba zenye umeme zina watu wengi wenye presha kuliko zisizo nao. Umeme unapandisha presha? Wenye umeme mara nyingi wana kipato, wanakaa karibu na barabara, hawatembei sana, wanakula chumvi na mafuta zaidi, na wako karibu na zahanati ambako mtu anapimwa. Umeme umesimama tu jirani na mkosaji. Vitu viwili kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja kimemzaa mwenzake, na kazi kubwa ya mtafiti, inayomla miaka, ni kumtenganisha mkosaji na majirani zake.

Hili lilifanywaje kwa tumbaku, zao ambalo wenzetu wa Chunya wamelilima miaka mingi?

Mwishoni mwa miaka ya 1940 saratani ya mapafu ilikuwa inapanda kwa kasi Uingereza na hakuna aliyejua kwa nini. Richard Doll, daktari kijana, na Austin Bradford Hill, mtaalamu wa takwimu, walipewa kazi ya kutafuta. Doll mwenyewe alidhani mkosaji angekuwa lami ya barabarani au moshi wa magari, vitu vilivyokuwa vimeongezeka miaka hiyo hiyo. Waliwahoji wagonjwa kwenye hospitali za London. Kwa kila mwenye saratani ya mapafu walimtafuta mwenzake wa jinsia na umri uleule aliyelazwa kwa ugonjwa mwingine, wakawauliza wote maswali yaleyale. Majibu yalichapishwa 1950. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta kabisa walikuwa 2 tu. Kati ya wenzao 649, wasiovuta walikuwa 27. Nambari hizo zinaonyesha pia jinsi uvutaji ulivyokuwa umeenea: karibu kila mwanaume alivuta, na ndiyo sababu hakuna aliyemshuku mkosaji aliyekaa mbele ya macho yao.

Wabishi walikuwepo, na hoja yao ilikuwa na akili. Walisema mtu aliyeambiwa ana saratani ya mapafu atajichunguza na kutia chumvi kwenye maelezo yake, na mhojaji naye atamchimba zaidi. Lakini ndani ya kundi lile walikuwemo watu waliohojiwa huku wao na wahojaji wakiamini ni saratani ya mapafu, kisha vipimo vikaonyesha sivyo. Majibu ya watu hao kuhusu sigara yalifanana na ya wasio na saratani. Kama tatizo lingekuwa kumbukumbu au mhojaji, yangefanana na ya wenye saratani. Mimi kila nikikumbuka kipande hiki napata heshima mpya kwa kazi hii. Mtu anapinga kwa haki, nawe unarudi kwenye daftari lako na kukuta jibu limeandikwa humo tayari.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1951 waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza wakiwauliza kuhusu uvutaji wao, na zaidi ya 40,000 walijibu. Kisha wakakaa kusubiri nani atakufa, na kwa nini. Huu ni utafiti wa kufuatilia: unawaandika watu wakiwa wazima, unarekodi maisha yao, halafu unaacha miaka iseme. Matokeo ya kwanza yalitoka 1954. Ya miaka 50 yalitoka 2004, Doll akiwa na zaidi ya miaka 90, yakionyesha kwamba wavutaji wa maisha yote walipoteza wastani wa miaka kumi ya kuishi, na kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 alijiokolea karibu yote. Doll alikuwa ameacha sigara tangu utafiti ule wa kwanza.

Huku kwetu kumefanyika kazi ya namna hiyo, na wengi wa Mbeya hawaijui. Watafiti walio chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu hapa Mbeya, pamoja na wenzao wa Munich, Ujerumani, waliwafuatilia maelfu ya wananchi wa maeneo mbalimbali ya mkoa kuanzia 2006 hadi 2011, wakiwapima kila mwaka. Miongoni mwao walikuwemo watu wa Kyela, ambako minyoo inayoleta matende na mabusha ilikuwa imeenea. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba watu wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha takribani mara mbili ya wasio nayo, hata baada ya tabia za ngono kuzingatiwa kwenye hesabu. VVU si saratani, lakini njia ni ileile ya madaktari wa Uingereza: andika, fuatilia, linganisha, kisha uliza kila jirani wa mkosaji. Na aliyefanya hivyo ni yule kijana mwenye daftari na kisanduku cha vipimo aliyepita kwa miguu kwenye mashamba ya mpunga na kokoa.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya ramani, na mtu wa nyanda za juu ataielewa kuliko mtu wa Ulaya.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, Jinja, akamwona mwingine wa vilevile. Alianza kufukua mafaili, akagundua uvimbe ambao wengine walikuwa wanauita majina tofauti tofauti ni saratani moja ya watoto. Kisha akauliza swali la epidemiolojia: wapi upo, na wapi haupo? Alituma vikaratasi vyenye picha kwenye hospitali za Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi kutoka Uganda kupitia Tanganyika na nchi za kusini mpaka Johannesburg, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Ramani iliyopatikana ilishangaza. Ugonjwa ulifuata mwinuko. Karibu na ikweta ulitoweka kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri ulivyokwenda kusini kikomo hicho kilishuka. Ulitaka joto na mvua. Chukua basi dogo kutoka Mbeya mjini, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, ushuke kupitia Tukuyu hadi Kyela iliyo kwenye takribani mita 500. Ndani ya safari ya saa chache, ukivua koti njiani, umetoka upande mmoja wa ramani ya Burkitt na kuingia wa pili. Watu wale wale, lugha ileile, ndizi zilezile. Kinachobadilika ni joto, na joto ni mbu.

Kwanza walidhani mbu anabeba kirusi cha saratani. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikikuta kirusi kweli ndani ya uvimbe ule, lakini kikawa kirusi kinachoambukizwa kwa mate, ambacho karibu kila mtu duniani anacho, London na Tukuyu vilevile. Kwa nini basi kilete saratani Kyela na si London? Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba malaria inayorudi na kurudi utotoni inavuruga kinga ya mwili, na kirusi kinapata mwanya. Mbu alikuwepo kwenye kesi, ila kwa kosa jingine.

Hata hapo watafiti hawakuharakisha. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara ya Kaskazini, watoto walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe ule. Ulipungua. Lakini walipotazama nyuma wakakuta ulikuwa umeshaanza kupungua kabla dawa haijagawiwa, na wakaandika hivyo wazi. Yule bwana wa sauti nzito asingeandika.

Turudi kwenye viazi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, linapanga vitu kwenye makundi. Kundi la kwanza ni vile ambavyo ushahidi umethibitisha kwamba vinaweza kusababisha saratani kwa binadamu. Vinafuata vyenye uwezekano mkubwa, kisha vyenye uwezekano tu. Mwaka 2015 soseji na nyama nyingine za kusindika ziliwekwa kundi la kwanza, ambamo tumbaku imo pia, na watu wakaanza kusema soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Mwizi wa kuku na mwizi wa ng'ombe wote wanaweza kutiwa hatiani bila shaka yoyote, lakini hasara waliyoleta haifanani. Gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mahali ambapo watu 5 kati ya 100 wangeugua, wote wakila hivyo kila siku watakuwa kama 6. Sigara inaongeza hatari ya saratani ya mapafu mara 15 hadi 30. Kwa hiyo ukisikia "inaongeza mara mbili", uliza mara mbili ya ngapi.

Baadhi ya dawa za shambani, kama glyphosate ya kuua magugu, zimo kwenye kundi la uwezekano mkubwa. Mtu ninayemhofia hapo ni kijana mwenye bomba mgongoni anayepulizia dawa bila glovu wala barakoa, upepo ukimrudishia usoni, kisha anakula mchana kwa mikono ileile. Yeye anapata dozi msimu hadi msimu. Mlaji wa kiazi kilichomenywa na kuchemshwa hayupo kwenye hali hiyo, ingawa mkulima anayevuna kabla siku zilizoandikwa kwenye kopo hazijaisha anatukosea sote. Minara ya simu naiacha. Mawimbi yake yapo kundi la uwezekano tu, na miongo ya utafiti haijaitoa humo.

Kinachonisikitisha ni kwamba sauti ile haikutaja vitu vilivyo na ushahidi mzito humu humu nyumbani mwetu. Haikutaja mahindi na karanga zilizoota kuvu kwa kuanikwa vibaya au kuwekwa ghalani zikiwa mbichi. Sumukuvu imo kundi la kwanza, inaleta saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B vitu hivyo viwili vinashikana mikono na kuzidisha hatari. Haikutaja pombe, iwe ya chupa, komoni au ulanzi, ambayo nayo imo kundi la kwanza. Haikutaja moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha wakati wa baridi ya Juni.

Na ile chanjo iliyoitaja, iliitaja kinyume. Zaidi ya asilimia 95 ya saratani za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha papiloma, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel 2008 kwa kukionyesha. Wanawake wengi wanakipata na mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinakaa, na baada ya miaka 15 hadi 20 kinaweza kuleta saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10, na wanaoishi na VVU wana hatari kama mara sita ya wengine. Sasa soma hilo pamoja na takwimu za 2022-23: VVU kwa watu wazima Tanzania ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kama kuna sababu ya saratani hii kutuuma sisi wa nyanda za juu zaidi, inaanzia hapo. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Jumamosi iliyopita nilirudi Uyole. Nilikaa juu ya gunia, nikamweleza yule mama haya kwa kifupi, na habari za shangazi, na kwamba kuna kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema binti yake wa mwisho ana miaka kumi na miwili na alimzuia siku ya chanjo shuleni. Nikamwambia aende kituo cha afya aulize, bado hajachelewa. Akanyamaza kidogo, akapunguza sauti.

"Na sisi wakubwa? Hicho kipimo kinauma?"

Nikamwambia kinakera kidogo, hakiumi sana. Nesi anapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ikiwa ipo, mara nyingi inatibiwa kabla haijawa saratani. Aliuliza ni siku gani za wiki wanapima.